Ngozi ya Gari

Ngozi mbichi iliyotiwa chumvi ina harufu ambayo mtu haizoei; hujifunza tu kutoitaja. Mimi nilizaliwa ndani ya harufu hiyo. Baba yangu alikuwa mnunuzi wa ngozi katika soko la Mbumbuni, na ghala lake, chumba kirefu cha mawe chenye paa la mabati, lilipakana na nyumba yetu ukuta kwa ukuta, kiasi kwamba hata uji wa asubuhi ulikuwa na dokezo la mbuzi. Mwaitu, kama tunavyomwita mama kwa Kikamba, alifua sare zetu kwa sabuni ya mche na kuzianika mbali, upande wa shamba la mbaazi, lakini wapi. Shuleni wenzangu walisogea kidogo kwenye benchi nilipoketi, bila ubaya wowote, kama mtu anavyosogea kukwepa moshi. Kwa hiyo nikisema kwamba siku gari lile lilipoingia kwetu nililinusa kabla ya kulitazama vizuri, mtu wa Mbumbuni atanielewa. Ilikuwa katikati ya miaka ya sabini, nami nilikuwa na umri wa miaka kumi hivi. Baba alifungua mlango, akaniambia niingize kichwa, nikaingiza. Ilikuwa harufu ya ngozi, lakini ngozi iliyokwenda shule ikarudi: ndani yake mlikuwa na tumbaku, mafuta ya injini, na kitu kitamu nisichokuwa na jina lake. "Unasikia?" Baba akaniuliza. "Hiyo ni ngozi yetu. Ilienda Ulaya, sasa imerudi nyumbani."

Lilikuwa gari la spoti la Kiingereza, kuukuu tayari wakati huo, la rangi ya kijani iliyochujuka, lenye boneti ndefu, paa la turubai, magurudumu ya spoki na viti viwili tu. Baba alilikuta kwenye ranchi moja kando ya barabara ya Mombasa, ng'ambo ya Sultan Hamud, alikokwenda kila mwezi kuchukua ngozi za ng'ombe. Meneja wa ranchi, Mzungu mzee aliyekuwa akifunga virago kurudi kwao, alikuwa ameliacha kibandani na kuku walikuwa wakitaga kwenye kiti cha dereva. Baba hakuwa na haja ya gari. Alikuwa na baiskeli imara, na kwa mizigo mikubwa alikodi lori. Alichofanya, kwa maelezo yake mwenyewe, ni kuwafukuza kuku na kuupapasa mgongo wa kile kiti kwa dole gumba, jinsi alivyopapasa ngozi zote, na dole gumba likakataa kuondoka. Alikuwa ameshika ngozi maisha yake yote, lakini siku zote katika hali ya damu na chumvi. Hakuwahi kuonyeshwa zinakoishia. Akalinunua. Bei hatukuambiwa, ila paa letu lililoahidiwa mabati mapya halikuyapata, na Mwaitu akaendelea kutega sufuria chini ya matundu kila mvua iliponyesha.

Soko la Mbumbuni halikosi jina la kumpa mtu. Gari likaitwa Kobe, kwa sababu lilipofunikwa turubai lilifanana naye, na kwa sababu, tuseme ukweli, mara nyingi lilikwenda kwa kusukumwa. Wanaume waliokunywa chai hotelini walisema muuza ngozi amenunua ng'ombe asiye na nyama. Mzee mmoja wa kanisa letu alifika nyumbani, akanywa chai, akaomba, kisha akauliza kwa upole kama mtu mwenye watoto watano amenunua gari la viti viwili kwa kuwa anakusudia kuwaacha wanne au wote. Mwaitu alilipanda mara moja tu, Jumapili, akiwa amevaa kitambaa chake cheupe cha kichwani. Viti vilikuwa chini mno. Magoti yalimfika kifuani, vumbi likamfika mdomoni, na kila mtu aliyekuwa akitembea kando ya njia alimtazama kwa juu, hata watoto. Tulipofika kanisani alishuka, akajikung'uta, akasema, "Mimi sitakaa chini tena kama mtu amefiwa." Alirudi kwa miguu. Dada yangu mkubwa alikuwa ameshaingia umri wa kuona haya, wadogo zetu walikuwa wadogo kweli, na ndivyo kiti cha pili kilivyokuwa changu.

Kulimiliki gari lile kulikuwa kazi ya ukoo mzima. Asubuhi halikutaka haraka. Baba aliizungusha injini kwa hendeli ya chuma pale mbele huku mimi nimekaa ndani nikivuta chok, waya wa kulizidishia petroli, kwa kipimo alichonifundisha, nalo lilikohoa, likanyamaza, likakohoa tena, mpaka majirani wakajua saa kwa kikohozi chake. Spea hazikuwepo. Fundi wetu wa Sultan Hamud alilifungia vipande vya trekta, vya pampu ya maji na vya kitu kingine ambacho hakutaka tuulize alikitoa wapi. Ukiona vyaelea, vimeundwa, husema Waswahili. Letu halikuelea, lakini liliundwa kila wiki. Na kwa kuwa Baba hakuweza kulinunua gari bila kulipatia kazi, alifunga kichaga cha mbao juu ya buti, akawa anabebea ngozi zake humo zikiwa zimekunjwa na kufungwa kwa kamba za mkonge. Nadhani ndilo gari la spoti pekee Ukambani kote lililofuatwa na nzi.

Kila Jumamosi tulikwenda Kasikeu kukusanya ngozi kwa wachinjaji. Nilivaa sweta ya shule na kufunga leso kichwani, turubai likakunjwa nyuma, na njia nzima nilipiga kelele ambazo Mwaitu asingeziruhusu nyumbani. Mlango wa upande wangu ulikuwa na ukaidi wake: haukufungika mpaka uuinue kwa goti huku ukiuvuta kwa mkono. Mtu mzima asiyeujua aliupigapiga mpaka akachoka. Mimi niliufunga bila kufikiri. Lakini si upepo wala mlango ninaoukumbuka zaidi. Ni kazi niliyopewa tulikokwenda. Wachinjaji wengine walipenda kuchanganya ngozi za mbuzi waliochinjwa na za mbuzi waliojifia. Mbuzi aliyejifia damu humbaki mwilini, na ngozi yake upande wa ndani huonyesha mishipa myeusi; huoza mapema na haina bei. Baba alikuwa amenifundisha kuzitofautisha, na akaona naifanya kazi hiyo upesi kuliko yeye. Nikisema hii imechinjwa, hii imejifia, hakuzigeuza tena. Siku mchinjaji mmoja alipobisha, akasema anaamuliwaje na mtoto wa kike, Baba alimjibu mbele ya wateja wake, "Huyu akisema ameona, ameona." Nimesoma sana tangu siku ile na nimepigiwa makofi kwenye kumbi zenye viyoyozi, lakini sijapata kusifiwa tena namna ile.

Kisha mvua ikakosa msimu mmoja, ikakosa na wa pili. Wasiojua hudhani kiangazi humfilisi mnunuzi wa ngozi. Kumbe humzika kwa mali mbovu. Ng'ombe walikufa upande wote wa Makueni, na watu walileta ngozi mpaka usiku unaingia, wakizitupa mlangoni kwa bei yoyote, kwa sababu nyumbani hapakuwa na unga. Ghala likajaa hadi juu ya madirisha. Humo ndimo Kobe alimolala, maana hatukuwa na paa jingine, na maji ya chumvi yakawa yanachuruzika kutoka kwenye marundo na kupita chini yake. Kutu ikaanza kwenye milango, ikapanda. Wadudu wa ngozi, ambao hawana elimu ya kutofautisha ngozi ya mbuzi na kiti cha Mwingereza, wakaanza kuzunguka. Asubuhi moja nilimkuta Baba amechuchumaa, ameshika unga mwekundu wa kutu kiganjani, uso wake kama wa mtu anayemwangalia mgonjwa. Ilibidi gari lihame, na wa kulihamishia alikuwa mmoja tu.

Mwaitu alizaliwa Migwani, upande wa Kitui, na katika watoto wa nyumba yao walifika utu uzima wawili tu, yeye na kaka yake, Mjomba Kimeu. Mjomba alikuwa na duka lililojengwa kwa mawe pale Migwani, na nyuma ya duka stoo kavu yenye sakafu ya saruji. Alipokuja kwetu tulimkimbilia mpaka barabarani. Alileta asali kwenye chupa ya soda, alipiga mluzi kwa meno, na mimi, kwa kuwa nilipewa jina la nyanya yetu Mumbua aliyemzaa yeye, aliniita mama. "Mama yangu ameamkaje?" alikuwa akiniuliza, ameinama, kofia mkononi, nami nilijibu kwa sauti nzito ya kizee tukacheka wote. Kwetu mjomba si mtu wa kuchezewa. Baraka yake hufungua njia, na kinyongo chake, wazee walituambia hata katika nyumba za kilokole kama yetu, hufunga tumbo la mpwa wake wa kike. Lakini sikuwahi kumwogopa. Nilimpenda kuliko watu wote niliowajua, nikimtoa Baba na Mwaitu, na kuna siku sikuwa na hakika kuhusu hao wawili.

Sasa kuna desturi ambayo ni lazima niieleze, kwa sababu bila hiyo Baba ataonekana mjinga, na hakuwa mjinga. Kiangazi kikizidi, Mkamba hafungi ng'ombe wake wote zizi moja. Humpeleka mmoja au wawili kwa jamaa anayekaa mbali, penye nyasi. Anayewekeshwa hunywa maziwa. Ng'ombe na ndama hubaki wa mwenyewe. Hapaandikwi kitu. Na ng'ombe akifa huko ugenini, mtunzaji hana deni, ilimradi alete ngozi, ili mwenyewe aone kwa macho yake kwamba mnyama amekufa kweli na hakuuzwa. Waswahili husema mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tulisema ngozi ndiyo habari. Siku Mjomba alipokuja kulichukua gari, mimi nilikuwa nimesimama katikati yao, nimeshika hendeli. Baba akamwambia, kwa maneno yale yale ya ng'ombe, "Maziwa kunywa. Endesha kidogo kidogo isisahau kutembea. Lakini ng'ombe ni yangu." Mjomba akauliza, "Na ikikufa?" "Ikikufa leta ngozi." Wakacheka mpaka Baba akashika ukuta. Nami nilicheka, maana ulikuwa utani mzuri.

Mjomba akaondoka akipiga honi hadi konani. Mwaitu alisimama mlangoni na furaha ambayo hakuificha, si kwa sababu gari limeondoka tu, bali kwa sababu ni kaka yake aliyetuokoa. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, alisema, na jioni hiyo alipika wali bila sikukuu. Mvua ilirudi, ndengu zikaota, ghala likapungua, na Baba akaanza kuzungumza juu ya kujenga kibanda cha mabati pembeni ili amrudishe Kobe. Alikuwa tayari amechimba mashimo ya nguzo. Ndipo Mjomba akaja, kwa basi, amebeba mzigo uliofungwa gunia.

Aliketi sebuleni bila kupiga mluzi. Alisema gari liliwaka moto kwenye mteremko mmoja kule kwao, likabingirika korongoni, naye mwenyewe ameponea tundu la sindano. Alituonyesha mkwaruzo mkononi. Kisha akafungua gunia, na ndani yake mlikuwa na ngozi ya vile viti viwili, imekunjwa vizuri kabisa. "Shemeji," akasema, "ulisema nilete." Mwaitu akalia na kumshukuru Mungu kwa uhai wa kaka yake. Baba alihamia kwenye mwanga wa dirisha, akaikunjua ngozi juu ya magoti, akaifuata pembezoni kwa dole gumba, pole pole, upande mmoja hadi mwingine, akaigeuza ndani, akainusa. Nami nilisogea nikainusa. Ilinuka vile vile kama siku ya kwanza, tumbaku na utamu ule, na nikadhani ni huruma ya Mungu kwamba moto haukuifikia. "Ni ngozi nzuri," Baba akasema mwishowe. Akaikunja akaenda nayo ghalani. Mashimo ya nguzo aliyafukia siku iliyofuata, na mimi nilimlilia Kobe waziwazi, kama mtu anavyomlilia mnyama, bila kuchekwa na yeyote.

Likizo ya Agosti iliyofuata nilipelekwa Migwani kumsaidia nyanya kuvuna mbaazi. Jumamosi moja alinituma sokoni kununua chumvi, na nilipokaribia kanisa nikasikia honi. Kulikuwa na harusi. Mbele ya msafara, limefungwa maua ya karatasi na riboni, limepakwa rangi nyeupe iliyokuwa bado na alama za brashi, lilikuja gari lenye boneti ndefu na magurudumu ya spoki. Bibi harusi aliketi kiti cha pili, amejikunja, vumbi limemjaa usoni. Mjomba Kimeu alikuwa kwenye usukani, amevaa miwani ya jua, anapiga mluzi. Lilisimama mbele ya kanisa, bibi harusi akashuka, na watu wawili wakaanza kuuhangaikia mlango uliokataa kufungika. Sikufikiri. Niliweka kapu chini, nikapita katikati yao, nikauinua mlango kwa goti, nikauvuta. Ukafunga. Ndani, viti vilikuwa vimevishwa plastiki nyekundu ya bei rahisi, maana ngozi yake ilikuwa Mbumbuni.

Nilipoinua uso nikakuta Mjomba ananitazama. Sijasahau uso ule, kwa sababu ulikuwa wa mtu nisiyemjua. Kisha ukarudi kuwa wake. Alishuka, akanishika bega, akanivuta hadi kwenye kibanda cha chai, akaninunulia soda na mandazi. "Mama yangu," akasema, "hii si ile. Hii ni ingine, ndugu yake. Wazungu walileta mbili." Nilitaka sana kumwamini. Nilikunywa soda yote nikijaribu. Akaongeza, taratibu, akinifuta makombo kidevuni, "Usiende kusema vitu hujui. Utamsumbua mama yako roho." Na hapo, kwa kuwa aliniomba nisiseme, ndipo nilipojua kwa hakika. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema, lakini hawasemi jinsi mtu anavyojisikia akikaa na nguo yenyewe, akinunuliwa mandazi.

Nilirudi nyumbani na habari yangu nikiwa nimeibeba kama yai. Sikuwa na shaka yoyote. Nilimwendea Baba ghalani, akiwa anatandaza chumvi, nikamwambia kila kitu: rangi, plastiki, mlango, goti. Aliendelea kutandaza. "Uliona?" akaniuliza, mara moja tu. Nikasema niliona. Akaniambia niende nikale. Nilidhani anapanga safari ya Migwani. Nilidhani atakwenda kuleta gari lake. Siku zikapita, hakwenda. Mimi, kwa kutovumilia, nikamwambia dada yangu, dada akamwambia mtu kisimani, na maneno yakamfika Mwaitu yakiwa yameota mbawa. Alinijia jikoni na mwiko mkononi, lakini hakunipiga. "Niko na ndugu mmoja tu duniani," akasema, "na mtoto wangu mwenyewe anamwita mwizi sokoni."

Mjomba aliitwa. Alikuja Jumapili baada ya ibada, na tukakaa sebuleni, yeye na Mwaitu kwenye viti vya mbele, Baba dirishani, mimi nimesimama katikati ya sakafu. Mjomba alieleza habari ya lile gari la pili, ndugu yake Kobe, kwa huzuni, bila hasira. Alisema mtoto ni mtoto. Alisema hata yeye angechanganyikiwa. Wote wakamgeukia Baba. Mimi sikumtazama Mjomba hata kidogo. Nilikuwa nikimtazama Baba, nikingoja aseme maneno aliyoyasema Kasikeu mbele ya wachinjaji. Nilikuwa na uhakika kiasi kwamba nilikuwa nimeanza kumhurumia Mjomba. Baba akakohoa. "Mumbua," akasema, "ulikosea. Jua lilikuwa kali. Piga magoti uombe mjomba wako msamaha."

Nilipiga magoti. Nilisema nilikosea, kwamba sikuona nilichosema niliona. Nyumba yetu ilikuwa ya kilokole na mambo ya kale hayakutajwa mle, lakini siku hiyo Mwaitu mwenyewe alileta maji kwenye kikombe, kwa sababu ya tumbo langu la baadaye, na Mjomba akayavuta kinywani na kuyapuliza kifuani kwangu na viganjani, kuondoa kinyongo. Maji yalikuwa vuguvugu. Alisema, "Mama yangu, imeisha," na akaniinua kwa upendo, na nadhani upendo ule ulikuwa wa kweli, jambo ambalo mpaka leo linanikera kuliko uongo wake. Baba aliangalia nje ya dirisha. Msema kweli hana wajoli, yaani hana wenzake. Siku ile sikuwa nimeisikia methali hiyo, lakini ningeweza kuitunga.

Baada ya hapo Baba alimpa fundi viatu ile ngozi ya viti, akanishonea mkoba wa shule, mzuri, wenye mikanda miwili, ambao hapakuwa na mtoto Mbumbuni aliyekuwa na mfano wake. Aliuweka kitandani kwangu. Niliubeba kwa sababu nilikuwa sina mwingine. Lakini sikuingia tena ghalani isipokuwa kutumwa, wala yeye hakuniita tena kutazama ngozi. Jumamosi alikwenda Kasikeu peke yake kwa baiskeli. Nilianza kuwa msichana anayesema "labda" na "nadhani" katika mambo niliyoyaona kwa macho yangu mawili, na mwalimu wangu akaandika kwamba nimekuwa mpole. Mjomba aliendelea kuja na asali yake. Gari nilisikia aliliuza kwa mtu wa Mwingi, na baadaye likafia huko, kifo cha kweli mara hii, na hakuna aliyeletewa ngozi.

Miaka mingi ilipita. Mjomba alikufa, Mwaitu akamfuata, na tulipomaliza kumzika Mwaitu na wageni kutawanyika, Baba aliniita tukae upande wa ghala, ambalo wakati huo lilikuwa na mahindi. Akasema bila utangulizi, "Ile ngozi nilijua siku ile ile nilishika. Ilikatwa na kisu, mshono kwa mshono, na mtu hana haraka. Moto haifungui mshono." Nikamuuliza mbona basi. Akasema, "Mama yenu alikuwa na ndugu mmoja. Ningemwita mwizi, angelazimika kuchagua. Na mimi sikuwa na hakika atachagua nani." Nikamuuliza mbona mimi, mbona magoti. Jibu lake lilikuwa la kweli, kwa hiyo liliuma. "Wewe ulikuwa mtoto. Nilijua mtoto husahau."

Mjomba nimemsamehe zamani. Aliiba chuma na turubai, na chuma kina kutu. Lakini Baba alijua nasema kweli, katika watu wote wa nyumba ile alikuwa peke yake aliyejua, akanitazama nikipiga magoti. Nilikuwa na hasira naye nikiwa mwanafunzi, nikiwa mke, nikiwa mama, na tumbo langu, kwa taarifa ya wazee, lilizaa watoto wanne bila shida yoyote. Nimesikia watu wakisema wazazi wa zamani walifanya walivyoweza. Ni kweli. Pia ni kweli kwamba kuna jambo alilokuwa na uwezo nalo, la sentensi moja tu, na hakulifanya.

Siku hizi lami imefika, na Mbumbuni magari ni mengi kuliko punda. Watoto hawageuki tena kuyatazama. Yote ni yale yale ya Kijapani, meupe, ya viti vingi, yanayowaka kwa kuzungusha ufunguo. Ngozi hazina soko. Wachinjaji huzitupa kwa mbwa. Baba amezeeka na presha ya macho imemnyang'anya mwanga wote. Ninakwenda kila mwisho wa mwezi. Watu humwambia mambo, kwamba mpaka wa shamba haujasogezwa, kwamba dawa ni zile zile, kwamba mbuzi wamerudi wote, naye hunyamaza mpaka nifike, kisha huniomba nikatazame. Nikishamwambia, hulala. Hakuna mtu mwingine duniani ambaye yeye humtegemea hivyo.

Mwezi uliopita tulikuwa tumekaa barazani, namenya machungwa, yeye anasikiliza barabara. Akaniuliza, uso wake ukiwa umeelekea kwingine, kama nimemsamehe ile siku ya sebuleni. Mtu mwingine angemwambia mzee wa umri ule ndiyo, na mambo yangekuwa yamekwisha. Nilimaliza kumenya chungwa nililokuwa nalo mkononi.

"Bado, Baba," nikamwambia.

Akatikisa kichwa kukubali. Akanyoosha mkono, nikampa kipande, akakila polepole. Aliniamini.